Jiwe Chini ya Reli

Siku ya tatu ya msiba wa Baba Mdogo Athumani, pale nyumbani kwake Mikumi, watu walipokwisha kula na sahani zikaanza kukusanywa, mzee Hamisi alisimama chini ya turubai akaanza kututania. Alikuwa mtani wa marehemu na tena alifanya naye kazi ya reli miaka mingi, kwa hiyo hakuna aliyemzuia. "Mnamlilia huyu!" akasema. "Huyu alikuwa mnyapara wetu kule Kidete, mtu mzima na ndevu zake, akavuliwa unyapara kwa kuchezea waya chini ya reli! Eti anatafuta umeme ndani ya jiwe!" Watu wakacheka mpaka waliokuwa wanalia wakaacha, na watoto wa marehemu wakacheka kuliko wote, kwa sababu hadithi hiyo waliikuta nyumbani tangu wakiwa wadogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, mwalimu mstaafu wa fizikia, bibi wa wajukuu watatu, nikijiona kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nikasema, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Ule waya haukuwa wake. Ulikuwa wangu." Kicheko kikakatika. Tangu siku hiyo wadogo zangu, hao watoto wa marehemu, wananipigia simu wakitaka maelezo, na maelezo yenyewe hayaenei kwenye simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ninasubiri matokeo. Baba Mdogo akaagiza niende Kidete nikamsaidie Mama Mdogo, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza na miguu imemvimba. Gengi lao, kikundi cha wafanyakazi wa kutunza njia ya reli, lilikaa kwenye safu ya nyumba zilizotazama reli, na nyuma yake kulikuwa na mashamba ya mahindi yaliyoshuka hadi mto Mkondoa. Nyumba ya mnyapara ilikuwa ya kwanza kwenye safu, yenye vyumba viwili na sebule, na kuta zake hazikufika kwenye paa, kwa hiyo mtu akikohoa sebuleni aliye jikoni anasema pole. Mimi nililala chumba kidogo pamoja na magunia ya mahindi, spana, karai na taa za ishara, na nguo zangu muda ule wote zilinuka grisi. Kila asubuhi wanaume walijipanga mbele ya nyumba, Baba Mdogo akasimama na daftari akawaita majina, kila mmoja akaitika "Nipo," kisha wakaondoka na nyundo begani. Alikuwa na darasa la nne tu. Lakini alikuwa akitembea kwenye njia na kigongeo chake, anagonga kila bolti mara moja, na kwa mlio peke yake anajua ipi imelegea. Jioni, tukiwa tunakula ugali na mlenda, alinifundisha kwa kugonga sahani, sufuria na kikombe, nikiwa nimefumba macho, nitaje ni kipi.

Kwenye sanduku langu nilikuwa na daftari la fizikia, na ndani yake sentensi moja iliyonikera kuliko mtihani wenyewe. Mwalimu wetu aliisoma kwa haraka kwamba baadhi ya mawe ya asili, kama kwatzi na tomalini, yakibanwa kwa nguvu hutoa umeme. Nilipoinua mkono kuuliza kwa nini, akasema hilo halimo kwenye mtihani, akaendelea na sumaku. Mimi nikabaki hapo hapo. Umeme nilioujua ulikuwa wa betri au wa mashine ya kusaga ya Kilosa, vitu vinavyonunuliwa na kutiwa mafuta. Sasa naambiwa kuna jiwe limelala tu chini, halina betri wala mafuta, na ukilibana linakujibu! Na kwatzi ndiyo yale mawe meupe ya mtoni, yaliyojaa Mkondoa kiasi kwamba akina mama waliyatumia kusugulia masizi. Nikawa kila nikienda kuchota maji narudi na mawe mawili matatu. Nikayaosha, nikayaweka kati ya vipande viwili vya bati la kopo, nikafunga nyaya, nikalibana jiwe kwa nyundo na kugusisha nyaya kwenye ulimi. Ladha niliyoipata ilikuwa ya bati. "Mawe unayaogesha kila siku," akasema Mama Mdogo, "vyombo vyangu navyo lini?"

Baba Mdogo hakunicheka. Siku moja alichuchumaa karibu yangu, akalipindua jiwe mkononi kwa muda mrefu, akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata mwanafunzi wa kuniuliza vizuri zaidi. "Hawa, huo umeme, jiwe likiwa limelala halijabanwa, unakuwa wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi hata mwalimu wako hajui, ndiyo maana alikimbilia sumaku." Wiki ile ile alipata ruhusa ya kwenda Kilosa kuchukua mishahara ya gengi, akanichukua. Akaniacha kwa Fundi Mrisho, mtengeneza saa na redio aliyekuwa na chumba kimoja karibu na soko, kimejaa redio zilizofumuliwa hadi mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, maana alikuwa na kioo cha kukuzia jichoni. Nilipotaja mawe, aliinua.

Alinifungulia saa ya mkono akanionyesha kikopo kidogo kuliko punje ya mchele. Ndani ya kikopo hicho, akasema, kuna ukucha wa kwatzi. Betri inautekenya, nao unatikisika bila kuchoka, na kwa kutikisika huko ndiko saa inakojua sekunde imekwisha. "Ukilibana linatoa umeme. Ukilipa umeme linajikunja. Ni jambo lile lile linakwenda na kurudi." Nikamuuliza kwa nini basi mawe yangu ya Mkondoa yamenikalia kimya. Akacheka. "Hayo si jiwe moja, binti. Ni vijiwe vingi vilivyogandana, kila kimoja kimeelekea kwake. Ukiyabana, hiki kinasukuma umeme huku, mwenzake anausukuma kule, wanamalizana humo humo. Ni kama kikao cha ukoo. Wewe tafuta jiwe lililokua peke yake. Utalijua kwa pande zake, zitakuwa sita." Akaniambia alikwisha kuliona moja Mikumi, alipokwenda kutengeneza redio ya mama mmoja anayewapikia madereva wa malori. Akanipa na kisikilizio kimoja cha redio kuukuu, cha kuchomeka sikioni, akasema umeme mdogo ulimi hauusikii lakini sikio linausikia.

Sijui nilimsumbua Baba Mdogo kwa siku ngapi mpaka akaniruhusu kwenda Mikumi. Mama Zaituni, yule mpishi wa madereva, nilimkuta kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu, wali na maharage vinachemka, na juu ya kawa lililofunika samaki wa kukaanga kulikuwa na jiwe. Lilikuwa refu kama nusu ya gunzi la mahindi, lenye pande sita zilizonyooka kana kwamba mtu alizipiga randa, chini lina weupe wa ukungu na juu limeangaza kama maji. Alilitumia kuzuia kawa lisipeperushwe na upepo wa malori. "Dereva mmoja alinipa akaniambia ni almasi," akasema. "Nikamwambia, ingekuwa almasi ungenipa mimi?" Nikamweleza ninachokitafuta. Alisikiliza huku anapakua, akawahudumia watu wawili, akarudi akasema, "Lichukue. Kawa hata tofali litalizuia. Ila ukijua kinachokaa humo ndani, urudi unieleze, maana nimelitazama sana na mimi." Nilirudi kumweleza, ingawa nilichelewa zaidi ya mwaka.

Nikarudi Kidete nikalisimamisha jiwe kati ya bati zangu, nikaweka kisikilizio sikioni, nikaligonga kichwani kwa nyundo. Kimya. Nikalilaza ubavu, nikagonga. Kimya, au pengine nilisikia kitu, pengine ni hamu yangu. Nilikaribia kulia. Baba Mdogo aliyekuwa anakunywa chai akaweka kikombe chini. "Nyundo ina mahali pake," akasema. "Hata kwenye reli hupigi popote ukategemea ikutii. Umelipiga kichwani, umelipiga ubavuni. Bado hujalipiga ukingoni." Akachukua kipande cha taruma kuukuu la mbao, yale yanayobeba reli, lililotolewa darajani, akachonga mfereji kwa panga ili jiwe likae ukingo mmoja chini na ukingo mwingine juu, tukaweka bati kwenye mfereji na bati jingine juu. Akaniambia nisikilize, yeye akagonga taratibu. Tak! Sauti kavu, ndogo, ndani ya sikio langu. Nilipiga kelele iliyowatoa majirani. Sasa najua, na nimelichora ubaoni mara nyingi, kwamba kwatzi ina mwelekeo wake. Ukiibana kutoka kichwani haitoi kitu, ukiibana kutoka ukingo hadi ukingo inatoa. Lakini yule mzee hakuwa amesoma mchoro wowote. Aliyajua hayo kwa kufikiri kama mpiga nyundo. Mchana wote wa Jumapili ile tulipokezana kisikilizio, na Mama Mdogo naye akasikiliza, akasema ni mlio wa kupe anayepasuliwa.

Hapo ningeridhika, lakini nilitaka kuuona kwa macho. Baba Mdogo alikuwa na tesita, ile bisibisi yenye kitaa kidogo kwenye mpini ambacho mafundi hutumia kujua waya upi una umeme. Aliiokota zamani kituoni, na kwa kuwa nyumba zetu hazikuwa na umeme, kazi yake ilikuwa kupambia shubaka. Nikaifunga kwenye bati badala ya kisikilizio, nikagonga uani, mchana kweupe, jua la Kidete linaumiza macho. Kitaa hakikuwaka. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Hakikuwaka. Mtoto mwingine angefikiri kwamba jua ni kali mno na angeingia ndani. Mimi nilikuwa nimeishi miezi kadhaa nikitikiswa kitandani na treni za mizigo, nikafikiri nyundo yangu ni nyepesi mno.

Baba Mdogo alikuwa amenikataza. Alikwisha kusema mapema, tena mara mbili, kwamba mawe yote ya mtoni ni yangu lakini reli nisiiguse, hata kokoto moja. Nikamwitikia ndiyo. Alipokwenda na gengi lake upande wa pili wa daraja, nilichukua karai nikaenda kwenye njia. Nikafukua kokoto chini ya reli, katikati ya mataruma mawili, nikaingiza kile kipande cha mbao na jiwe lake, nikaweka mpira wa tairi la baiskeli juu ya bati ili lisigusane na chuma, nikashindilia mpaka reli ikakaa barabara juu ya jiwe. Nyaya nikazivuta hadi ndani ya mahindi, nikalala kifudifudi nimeshika tesita kwa mikono miwili. Treni ya mizigo ikaja. Sikujua kwamba ukiwa chini, karibu vile, treni ni kitu kingine kabisa. Ardhi ilitetemeka tumboni mwangu, vumbi likanijaa puani, na kichwa cha treni kilipokanyaga pale nilipofukua, nilifumba macho. Nilipoyafumbua, behewa la mwisho lilikuwa linapita. Nikaacha kila kitu pale pale ili nijaribu treni ya kesho. Leo najua pia kwamba waya wangu ulikuwa mrefu mno, umeme ule mchache ungemalizikia njiani hata ningekodoa macho. Na ninajua zaidi ya hilo. Najua kokoto zile zilikuwa na kazi, na nikisoma habari ya treni kuacha njia popote duniani, mikono hunitoka jasho.

Asubuhi iliyofuata kabla ya treni yoyote, mkaguzi wa njia akafika na toroli kutoka Kilosa. Hamisi, ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa kutembea mbele kuangalia reli, ndiye aliyeuona waya. Nilikuwa jikoni nasonga ugali niliposikia viatu vinaingia sebuleni na kitu kinatupwa mezani. Kwa mlio nikajua ni tesita.

"Athumani, hii ni hujuma," sauti ya mkaguzi ikasema. "Mtu amefukua chini ya reli yako, ametega waya hadi kwenye mahindi, na wewe umelala. Naita polisi. Nani amefanya hivi?"

Nilisikia kiti kinalia.

"Mimi, bwana."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa nataka kujua kama jiwe linatoa umeme."

Hamisi akaguna. Mkaguzi akaongea polepole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. "Umeondoa kokoto chini ya reli. Wewe, mnyapara. Ili ujue habari za jiwe."

"Ndiyo, bwana. Nimekosa."

Mama Mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Aliinua uso akanitazama, na kwa mtazamo ule nikaelewa kwamba anajua, na mumewe anajua, na wananiachia mwenyewe. Kutoka jikoni hadi sebuleni ni hatua nane. Nilikuwa na mwiko mkononi. Ugali ukaanza kuungua na mimi nimesimama. Niliogopa polisi, niliogopa kufutwa shule kabla sijaipata, na niliona haya. Vyote hivyo ni kweli, na hakuna hata kimoja kinachonitosha. Sikutoka. Wakaondoka, toroli likalia likienda, na Mama Mdogo akasema tu, "Epua, unaunguza."

Mkaguzi alimfahamu miaka mingi, kwa hiyo badala ya kuita polisi aliandika barua. Jibu likaja baada ya majuma kadhaa. Baba Mdogo akashushwa kuwa kibarua wa kawaida, na unyapara akapewa Hamisi. Tukahama nyumba ya kwanza tukaenda ya mwisho, chumba kimoja, Mama Mdogo na tumbo lake la miezi minane akibeba masufuria mbele ya wanawake waliokuwa wakimwita mke wa mnyapara. Nikawaambia jioni ile kwamba nitakwenda Kilosa kusema ukweli. Mama Mdogo ndiye aliyejibu, si mumewe. "Ukaseme nini? Wakupeleke wewe polisi, na yeye wamfukuze kwa kudanganya? Nenda kasome, Hawa. Usitupe hasara mara mbili." Baba Mdogo alikuwa anakunja barua. Hakuwa amesema nami neno la maana tangu siku ya mkaguzi, na kimya chake kilinitesa kuliko fimbo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni nafagia walipojipanga. Hamisi alisimama mbele na daftari, hajui aliangalie au awaangalie watu. Akaita majina, wakaitika. Alipofika kwa Baba Mdogo akasita, akaita kwa sauti ya chini kama anaomba radhi. Baba Mdogo alikuwa wa mwisho kwenye mstari, nyundo begani. "Nipo," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Niliingia ndani nikalia kwenye kanga mpaka pumzi ikaniishia.

Alirudi alasiri, viganja vimetoka malengelenge, maana mnyapara hushika daftari na mikono yake ilikuwa imesahau nyundo. Akanawa, akakaa, nikamwekea chakula nikarudi nyuma ukutani. Akamega tonge, akalishika bila kulila.

"Iliwaka?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lolote isipokuwa hilo.

"Sijui, Baba Mdogo. Treni ilipofika nilifumba macho."

Alinitazama. Tonge likarudi sahanini. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka hadi machozi, anajipiga paja kwa kiganja kile kile kibovu, mpaka Mama Mdogo akaja mlangoni kuuliza kuna nini. "Unyapara wangu umekwenda," akasema, "na huyu alifumba macho!" Kisha akajifuta uso, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake la kazi akatoa jiwe. Mkaguzi alikuwa amelitupa kando ya njia, na siku ile walifanya kazi pale. Lilikuwa limemeguka ncha, lakini pande zake sita zilikuwepo.

Akasimama akafunga dirisha. Akachukua kanga ya mkewe akaziba nyufa za mlango, chumba kikawa giza na nje jua linawaka. Nikamsikia anapapasa, anaweka mbao sakafuni, anafunga waya mfupi kwenye tesita ambayo sikujua kama aliirudisha. "Shika nyundo," akasema. "Mimi nashikilia. Piga, taratibu."

Niliogopa kumponda vidole. Nilikaza macho yote kwenye weupe wa kucha zake, kitu pekee nilichokiona katika giza lile, nikapiga.

"Nimeiona!" akasema Baba Mdogo. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nyekundu, ndogo, Hawa, nimeiona! Piga tena. Na wewe safari hii utazame."